Amplifaya ya gitaa inavuma? Isikilize kwanza kabla hujashika bisibisi

Watu wakiniletea amplifaya za gitaa hapa Mwanjelwa, Mbeya mjini, wengi wanafika na jibu tayari, fundi transfoma imekufa hii, fundi spika imechoka, na wengine wameshaifungua huko huko nyumbani skrubu zimewekwa kwenye bahasha, af nikiichomeka na kuisikiliza kidogo tu naona shida haikuwemo hata ndani ya boksi. Iko kwenye waya, au kwenye gitaa, au kwenye soketi za kanisa. Mimi mwenyewe ni mpiga solo wa kwaya kabla sijawa fundi kwaiyo hizi kelele nimeishi nazo pande zote mbili, upande wa anayepiga na upande wa anayetengeneza, na kitu kimoja nataka wapiga gitaa wenzangu wa Mbeya, Tukuyu, Mbozi, Njombe mpaka Iringa wakishike: kelele inasema yenyewe inatoka wapi. We kazi yako ni kuisikiliza na kuitenga, kipande kwa kipande, bila kukimbilia kufungua.

Mtu akinipigia simu kwamba amplifaya yake "ina kelele" huwa namuuliza kelele gani, maana ziko nyingi na kila moja ina ukoo wake. Kuna mvumo mzito wa chini, mmmm, haupandi haushuki. Kuna wa juu kidogo wenye makali, zzzzz. Kuna shhhh kama redio iliyokosa stesheni. Kuna kukwaruza ukizungusha volyumu. Na kuna ile ti-ti-ti ya simu, hiyo wala usiumize kichwa, ni simu yako iko mfukoni karibu na gitaa au umeiweka juu ya amplifaya, mtandao wa zamani wa 2G unarusha mawimbi kwa vipande kama 217 kila sekunde na amplifaya inavisikia, weka simu mbali basi yameisha.

Tuanze na mvumo kwasababu huo ndo unaleta watu wengi.

Umeme wetu Tanzania ni volti 230 na unazunguka mara 50 kwa sekunde, yani hezi 50. Mvumo wowote unaotoka kwenye umeme utakuwa ama hezi 50 ama hezi 100 pamoja na vitoto vyake vya juu, yani sauti nyembamba zaidi zinazoambatana nao, na hapo kuna tofauti kubwa sana. Hezi 50 mara nyingi ni kitu kinachoingia kutoka nje: ethi mbovu (ule waya wa usalama unaoenda ardhini), waya wa gitaa uliokatika ule mfuniko wake wa nje, transfoma iliyo jirani, taa. Hezi 100 mara nyingi inatoka ndani, kwenye sehemu inayogeuza umeme wa ukutani kuwa wa betri, kwasababu kuna daiodi nne, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zinakunja wimbi la umeme hivo kila mzunguko mmoja unatoa milima miwili, na kama kapasita kubwa za kuchujia zimekauka ile milima inapita moja kwa moja mpaka kwenye spika.

Sa utajuaje ni 50 au 100 bila kifaa? Tumia gitaa lako lenyewe. Shika uzi mnene wa juu kabisa, ule wa E, freti ya tatu, hapo unapata sol, na sol hiyo ni hezi 98. Iko chini kidogo sana ya 100. Ukiipiga na mvumo unaosikia unakaribiana nayo kabisa mpaka unasikia ule mtikisiko wa taratibu wa sauti mbili zilizokaribiana, we una mvumo wa 100. Kama mvumo uko chini ya hapo sana mwite mpiga besi, naye ashike uzi wake mnene freti ya tatu, ile ni hezi 49. Hii ni njia ninayoipenda kuliko zote maana kila kwaya ina gitaa na besi, haihitaji mita wala simu janja, masikio tu ya watu ambao tayari wanajua kutyuni. Angalizo moja tu, spika ndogo za gitaa hazitoi hezi 50 vizuri, kwaiyo mara nyingine unasikia zaidi wale watoto wa juu kuliko mama mwenyewe, sikiliza kwa utulivu na usogeze sikio karibu.

Ukishajua aina ya mvumo anza kutenga. Chomoa waya wa gitaa kwenye amplifaya, kwenye amplifaya yenyewe siyo kwenye gitaa. Amplifaya nyingi jeki ya kuingilia ina kiswichi ndani, ukichomoa waya inajifunga kwa ethi yenyewe. Kelele ikifa hapo hapo, amplifaya yako ni nzima, acha kuisumbua, tafuta kwenye gitaa, waya au pedo, vile viboksi vya mguuni vya kubadili sauti. Kelele ikibaki, zungusha volyumu. Ikipanda na kushuka pamoja na volyumu maana yake inaingia kabla ya ile volyumu, kule kwenye priampu, hatua ya kwanza inayokuza sauti ndogo ya gitaa. Ikikaa vile vile hata volyumu ikiwa sifuri basi iko baada ya pale, kwenye pawa ampu, ile hatua ya mwisho inayosukuma spika, au kwenye sehemu ya kulisha umeme. Hivyo vitu viwili tu, kuchomoa na kuzungusha, vinakupunguzia nusu ya kazi na havigharimu kitu.

Waya za gitaa. Jamani nunueni waya mzuri mmoja kuliko za bei chee zinazokufa kila baada ya muda mfupi. Waya wa gitaa una uzi wa katikati unaobeba sauti na kuna wavu wa nje unaouzunguka kama ngao, huo wavu ukikatika pale kwenye shingo ya jeki, na ndo hukatika hapo kwasababu ndo panapokunjwa, uzi wa katikati unabaki uchi na unageuka kuwa antena, sauti bado inaweza kupita kidogo lakini mvumo unakuwa mkubwa kuliko gitaa. Tingisha waya karibu na jeki huku amplifaya imewashwa na volyumu ndogo, kelele ikija na kuondoka umeshampata mhalifu. Kata kipande kilichochoka, piga risasi upya, yani ile risasi ya kulehemu. Na kuna wale wanaotumia waya wa spika kwenye gitaa kwasababu jeki zake zinafanana, huo hauna wavu kabisa, utavuma siku zote hata ukiuombea.

Gitaa lenyewe nalo. Ukigusa nyuzi kwa mkono na zzzz inapungua, hilo ni jambo zuri, maana yake waya unaounganisha nyuzi na ethi uko sawa, mwili wako ndo unabeba uchafu wa umeme ulioko hewani na ukigusa nyuzi unaungana na ethi. Ukigusa na kelele inaongezeka, fungua kifuniko cha jeki ya gitaa uone kama mtu hajabadilisha waya mbili za pale, nimekutana nayo sana kwenye magitaa yaliyopita kwa fundi wa redio asiyepiga gitaa. Na ukigusa nyuzi ukasikia mkono unawasha au unatetemeshwa, acha. Zima kila kitu ukutani. Hilo nitalirudia mbele kwasababu ni la uhai.

Af kuna pikapu, zile sumaku zenye koili chini ya nyuzi zinazosikia gitaa. Pikapu za koili moja, zile nyembamba za gitaa la mtindo wa Stratocaster lililotoka 1954, kazi yake ni kuhisi mabadiliko ya sumaku, na haziwezi kutofautisha sumaku inayotikiswa na uzi wako na sumaku inayotoka kwenye transfoma. Ndo maana Seth Lover akiwa Gibson aliomba hataza mwaka 1955 ya pikapu yenye koili mbili, hambaka, na magitaa yenye hizo pikapu yakatoka 1957: koili moja imezungushwa kinyume cha nyingine na sumaku zake zimegeuzwa pia, kwaiyo mvumo unaingia kwa zote mbili lakini unajiua wenyewe kwa wenyewe, huku sauti ya uzi inajumlishika. Kama gitaa lako lina pikapu tatu nyembamba na swichi ya nafasi tano, jaribu nafasi ya pili na ya nne, magitaa mengi ya siku hizi pikapu ya katikati imezungushwa kinyume makusudi, mvumo unapotea hapo.

Kulikuwa na kwaya moja kule upande wa Tukuyu, mwalimu wao wa kwaya alikuja kwangu akisema, "Kaka, amplifaya yetu inachoka jioni, Jumapili asubuhi haina neno kabisa, ila mazoezi ya jioni inanguruma mpaka kina mama wa sauti ya kwanza wanakosa noti." Wameshabadilisha kapasita kwa fundi mwingine, hela imeenda. Niliposikia jioni tu nikamuuliza ukumbini mna taa gani. Tyubu zile ndefu za zamani, zenye balasti nzito ya chuma, na mpiga solo anasimama chini ya moja kabisa kwenye kona. Nikamwambia mwalimu leo jioni wakati inavuma zima taa sekunde mbili tatu. Akanipigia usiku, "Imenyamaza, ndaga fijo!" yani asante sana kwa Kinyakyusa. Hamna kilichoharibika pale. Mpiga solo akahamia upande wa pili, akageuza gitaa lake kidogo, mvumo ukashuka sana. Na hiyo ya kugeuka ni kipimo chenyewe: simama na gitaa, jizungushe taratibu ulipo, kama mvumo unapanda na kushuka kadiri unavyogeuka basi ni sumaku inayoingia kwenye pikapu na siyo kitu kingine, tafuta taa, transfoma, chaja, feni, friji ya soda iliyo nyuma ya ukuta, au amplifaya yako mwenyewe ambayo transfoma yake iko nusu mita kutoka kwenye goti lako.

Watu wengi wanaambiwa waweke karatasi ya shaba ndani ya gitaa. Inasaidia, ila ijue inasaidia nini. Inazuia zile zzzz za makali zinazosafiri hewani, lakini mvumo wa sumaku wa hezi 50 unapita kwenye shaba kana kwamba haipo. Shaba ya gundi ni ngumu kuipata huku kwetu, nimetumia karatasi ya aluminiamu ya jikoni, inafanya kazi, tatizo lake risasi haishiki juu ya aluminiamu kwaiyo waya wa ethi unaufunga kwa skrubu, na vipande vyote lazima vigusane kweli kweli, pima na mita.

Pedo naongea haraka. Chaja moja ya bei ndogo inalisha pedo nyingi kwa waya wa kugawanya, hapo utapata mluzi mwembamba wa juu usioeleweka. Weka betri ya volti 9 kwenye pedo moja moja, mluzi ukiisha basi ni chaja.

Sa nije kwenye ethi, na hapa naomba usome taratibu.

Plagi zetu ni zile za Kiingereza za miguu mitatu, mguu mrefu wa juu ndo ethi. Amplifaya ya chuma inatakiwa boksi lake liunganishwe na ule mguu ili kitu kikiharibika ndani umeme ukimbilie ardhini na fyuzi ikatike badala ya kukimbilia kwako. Lakini nyumba nyingi na makanisa mengi nilikopita kwenye mikoa hii soketi ina tundu la tatu na nyuma yake hamna waya. Au waya upo na nondo ya ethi imechimbiwa kwenye udongo ambao kuanzia Agosti hadi Oktoba unakauka kabisa kabla mvua za Novemba hazijaja, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Ukiona mvumo wa kanisani unazidi kiangazi na kupungua masika, muulize mzee wa kanisa nondo iko wapi. Kama unajua kutumia mita salama, pima: kati ya layini (waya wenye umeme) na nyutro (waya wa kurudishia) upate kama 230, kati ya layini na ethi nayo iwe karibu hapo hapo, kati ya nyutro na ethi iwe volti chache tu. Ukikuta layini na ethi inacheza cheza kwenye namba za ajabu za katikati, ethi haipo. Kama hujui mita mwite fundi umeme mwenye leseni, siyo jambo la kujaribia.

Shida kubwa inakuja pale amplifaya ya gitaa imechomekwa soketi ya mbele madhabahuni, miksa iko nyuma mlangoni kwenye soketi nyingine, af kuna waya wa sauti unaoziunganisha. Hapo ethi ina njia mbili, moja kupitia waya za ukutani na nyingine kupitia wavu wa waya wa sauti, na zote mbili zinafanya duara kubwa kuzunguka kanisa zima. Tofauti ndogo ya volti kati ya ethi ya mbele na ya nyuma inasukuma mkondo kwenye ule wavu, na miksa inausikia kama mvumo wa hezi 50. Kinachosikitisha ni dawa ambayo watu wanaifanya. Wanafungua plagi, wanakata ule waya wa kijani na njano. Au wanachomeka plagi ya miguu miwili kwa kusukuma kijiti cha kalamu kwenye tundu la juu. Na ni kweli mvumo unakufa. Kanisa zima linafurahi.

Niliitwa sehemu moja hapa mjini baada ya dada mmoja wa sauti ya pili aliyekuwa anapiga gitaa huku anaimba kurushwa na maikrofoni mdomoni. Aliweza kuiachia, Mungu alisaidia. Nilipofungua plagi ya amplifaya yake waya wa ethi ulikuwa umekatwa na kukunjwa vizuri, na ndani ya amplifaya kulikuwa na waya wa layini umechubuka unagusa chuma. Gitaa lote, nyuzi zote, zilikuwa na umeme, na maikrofoni ilikuwa na ethi ya miksa, yeye akawa daraja katikati. Hii siyo hadithi ya huku tu. Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows ya Scotland, alikufa jukwaani Swansea mwezi Mei 1972 aliposhika maikrofoni ambayo haikuwa na ethi sawasawa. Alikuwa mpiga gitaa mkubwa na jukwaa lilikuwa la kweli na watu wa kazi wapo. Kwaiyo ukiona mtu anakata waya wa ethi ili kelele iishe, mzuie, hata kama ni mkubwa wako, mwambie kwa heshima, shikamoo mzee naomba hiyo tusiikate.

Dawa yenyewe ipo na siyo ghali kulinganisha na maisha. Kwanza lisha amplifaya na miksa kutoka soketi moja, vuta ekstensheni moja nzuri ya ethi kamili mpaka mbele, duara linakuwa dogo na mvumo mara nyingi unaisha hapo hapo. Ikishindikana tumia boksi la DI, kiboksi kinachokaa kwenye waya wa sauti kabla ya miksa, lenye transfoma ndani, transfoma inapitisha sauti kwa sumaku bila waya kugusana, na lina kaswichi ka kukata ethi ya waya wa sauti. Hapo kuna tofauti ambayo kila anayeshika vyombo aielewe: kukata ethi ya sauti kwenye boksi la DI ni salama, kukata ethi ya umeme kwenye plagi kunaua.

Tukirudi ndani ya amplifaya, sasa kwa wale ambao wametenga na kweli kelele imebaki, ya hezi 100, haifuati volyumu. Hizo ni kapasita za kuchujia. Kwenye amplifaya za transista utakuta mbili kubwa za mikrofaradi 2,200 au 4,700 hivi, angalia vichwa vyake kama vimevimba au kuna ute umevuja chini. Ila zinaweza kukauka bila kuvimba, hasa amplifaya iliyokaa miaka mingi kwenye joto. Weka zenye mikrofaradi ile ile na volti sawa au zaidi, usishushe volti hata siku moja, na uangalie chanya na hasi, ukigeuza inapasuka. Daiodi moja ikikatika kati ya zile nne, mvumo unaweza kugeuka wa 50 ukadhani ni ethi, ndo maana huwa napima daiodi zote kabla ya kununua kapasita.

Kwa amplifaya za valvu, zile zenye mirija ya kioo inayowaka ndani, zipo chache huku, za misheni za zamani na za watu waliorudi nazo kutoka nje, kuna volti 300 mpaka 500 ndani na kapasita zinaweza kuushikilia umeme huo hata baada ya kuchomoa ukutani. Kama hujafundishwa kuzitoa umeme kwa rezista na kupima na mita kuhakikisha ni sifuri, usifungue. Kitu salama unachoweza kufanya, kama valvu zinafikika kwa nyuma bila kufungua bodi, ni kugonga gonga kila valvu ndogo taratibu kwa penseli amplifaya ikiwa imewaka, ile inayolia ding kwenye spika au inayopiga mluzi ndo imechoka.

Sehemu ninayoikuta imekufa mara nyingi kuliko kapasita ni jeki. Amplifaya za kisasa jeki imepigwa risasi moja kwa moja kwenye bodi, nati ya nje ikilegea kila ukichomeka waya unaisukuma bodi, risasi inapata ufa mwembamba kama unywele, na ethi ya jeki inaachia. Dalili yake ni mvumo mkubwa unaokuja ukikanyaga waya na kuondoka ukiuvuta. Kaza nati zako kila mara, hilo tu. Ukishachelewa ni kurudia risasi.

Mkwaruzo wa volyumu ni vumbi, na huku kwetu vumbi la kiangazi linaingia kila mahali. Tumia dawa ya kusafishia sehemu za umeme zinazogusana (contact cleaner), zungusha kitufe mara nyingi, iache ikauke. Usitumie petroli wala marashi. Ukisafisha na bado inakwaruza basi kuna umeme wa DC, ule kama wa betri, unavuja mpaka kwenye volyumu, kapasita ndogo ya kuunganisha hatua imeanza kuvuja, hapo ni kazi ya fundi. Baridi ya Juni na Julai nayo ina yake, ukitoa amplifaya kwenye gari la pikapu lililosafiri usiku kutoka Makete ukaiingiza kwenye ukumbi uliojaa watu, unyevu unaganda ndani kama kwenye kioo cha dirisha, iache ikae kwanza kabla ya kuwasha. Na mende. Mende wanapenda joto la transfoma, wanataga humo, kinyesi chao kikipata unyevu kinapitisha umeme kidogo kati ya njia za bodi na unapata kelele zisizo na mpangilio, weka wavu mwembamba kwenye matundu ya nyuma lakini usizibe hewa.

Kwenye harusi za vijijini, Ileje huko, au Chunya kwenye machimbo, umeme unatoka kwenye jenereta au kwenye inveta ya sola. Inveta za bei ndogo hazitoi wimbi laini, zinatoa ngazi ngazi zenye kona kali, na zile kona ndo unazisikia kama zzzz hata amplifaya ikiwa mpya kabisa, hamna kapasita itakayoiondoa, inatakiwa inveta ya wimbi safi au amplifaya inayokula volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri. Jenereta utaijua kwa mvumo wake kupanda na kushuka noti pamoja na injini, ukisikia mvumo unateleza hivo usiguse amplifaya, mwambie mwenye jenereta aangalie mzigo na gavana yake, ile inayoshikilia mwendo wa injini.

Mwisho ile shhhh. Nyingi ni ya kawaida, kila rezista inatoa kidogo na ukifungua geini (kile kitufe cha kukuza sauti mwanzoni) mpaka mwisho unaikuza yote. Shusha geini, ongeza volyumu ya mwisho, utashangaa. Vijana wanapenda kuweka pedo ya kuzuia kelele na kuikaza mpaka amplifaya inakuwa kimya kabisa, lakini ikikazwa hivo inakata mikia ya noti, na kwenye nyimbo zetu za kwaya zile noti za solo zinazovutwa mwisho wa ubeti ndo zinakatika. Mi naiweka ifunge pale tu mkono unapolala juu ya nyuzi, na kashhhh kadogo kanakobaki wakati wa kupiga nakaacha, watu wakiimba hakasikiki.